Mbao Yenye Matundu Hamsini

Zana hii haipigwi picha. Ni kipande cha mbao kilichotobolewa kwa keekee matundu hamsini, safu tano za kumi kumi, yasiyopenya hadi chini. Haina skrubu, haina waya, haina kinachozunguka. Huko Marekani, katika nyumba ambamo watu hujaza upya maganda ya risasi zao wenyewe, mbao hii hukaa kwenye benchi la karakana ya uani, jirani na mizani, na mara nyingi anayeitumia ndiye aliyeitoboa.

Kazi yake ni kuyasimamisha maganda wima, midomo juu. Maganda yote yakishatiwa baruti, na kabla hayajazibwa kwa vichwa vya risasi, mwenye kazi huinama na tochi akapitisha mwanga safu baada ya safu, akitazama baruti imefika wapi ndani ya kila moja. Lililotiwa mara mbili kwa kughafilika litaonekana limejaa kuliko wenzake. Lililorukwa litakuwa shimo jeusi. Jicho la mtu ni bovu sana katika kukadiria kina cha kitu kimoja kilicho peke yake, lakini liwekee hamsini vilivyopangwa pamoja, kile kilichopotoka litakidaka kabla hata hujamaliza kuinama. Kosa la kutia baruti mara mbili linaweza kupasua bunduki usoni pa mwenyewe. Linazuiwa na kibao ambacho huenda ni masalia ya kabati la jikoni.

Katika zana zote za ufundi huu, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Fundi tunayezoea kumsifu ni yule mwenye mkono mwepesi, anayepiga nyundo mara tatu na kitu kikakaa. Huyu wa maganda ni wa namna nyingine: mkono wake hauamini. Anajua leo ametulia, kesho atakuwa amechoka, na keshokutwa mtoto atamwita katikati ya hesabu. Kwa hiyo akili yake yote anaimalizia mapema, kwenye kifaa kitakachomkatalia kukosea. Kifaa kikishakamilika, mkono unabaki na kazi ya kurudiarudia tu.

Niseme mapema, ili tusisumbuane: risasi inajulikana ni ya nini, na Marekani ni nchi ambayo magazeti yake hayapitishi wiki bila msiba wa bunduki. Huku kwetu, Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila idhini ya serikali ni kosa la jinai, na sioni sababu ya kulilalamikia hilo. Lakini wengi wa watu ninaowaandika hapa hulenga karatasi, au huwinda paa na nguruwe-mwitu mara moja kwa mwaka, na siku nyingine zote wako benchini wanapima. Ni upimaji huo ulionivuta.

Risasi kamili ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba ya njano, kuna fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachogongwa na pini ya bunduki, kuna baruti, na kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Bunduki ikilia, baruti imeungua, kichwa kimekwenda, fataki imekufa. Ganda linabaki chini, lina joto, limetanuka kidogo. Na hilo ndilo la gharama kuliko yote manne. Mtu wa kawaida huliacha hapo lilipoanguka, na mjazaji huliokota, tena mara nyingi huokota na la jirani yake.

Kuliokota kuna maana kwa sababu ya ajali moja ya historia. Mwaka 1866 watu wawili walipata hati za ubunifu wa fataki. Mmoja alikuwa Edward Boxer, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwingine Hiram Berdan, Mmarekani aliyekuwa ameongoza wadunguaji katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake. Fataki ya Boxer hubeba ndani yake fuawe ndogo ya kugongewa, na ganda lake lina tundu moja tu katikati ya kitako. Berdan aliiweka fuawe kwenye ganda lenyewe, na moto ukapita kwa matundu mawili madogo ya pembeni. Kisha mambo yakapishana: Marekani ikashika ya Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikashika ya Mmarekani. Ganda lenye tundu la katikati unaweza kulipitishia msumari mwembamba kutoka mdomoni ukaisukuma fataki iliyokufa nje. Ganda la Berdan halikubali msumari. Fataki yake lazima ichokonolewe kutoka nyuma au itolewe kwa mgandamizo wa maji, kazi ya kumtia mtu hasira. Ufundi mzima wa karakana za uani za Wamarekani umesimama juu ya hilo tundu moja.

Msumari wenyewe, basi, ndio zana ya kwanza. Zinazofuata zote zinahusu shaba.

Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa takribani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Bunduki inapolia, ganda hutanuka na kugandamana na kuta za chumba kwa sekunde moja iliyokatwa vipande maelfu, likaziba gesi isirudi nyuma, kisha likanywea kidogo ili litoke. Linanywea, lakini halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo hushindiliwa ndani ya dai, yaani kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo lake, likabanwa hadi kipimo cha mwanzo. Kutanuka, kubanwa, kutanuka, kubanwa: kila mzunguko unaifanya shaba kuwa ngumu na kavu zaidi, mpaka siku moja shingo inapasuka.

Dawa yake ni moto, na hapa ndipo ustadi unapoanza kunifurahisha. Shingo ipashwe moto hadi shaba ilegee tena. Kitako kisiguswe, kwa kuwa kitako ndicho kinachobeba nguvu yote ya mlipuko, na kikilegea ni hatari. Unapashaje moto nusu ya kitu cha urefu wa kidole, na shaba inasafirisha joto haraka kiasi kile? Wazee waliyasimamisha maganda kwenye sinia lenye maji hadi kiunoni, wakapitisha mwali wa moto kwenye shingo, kisha wakaliangusha kila moja majini. Maji yalikuwa yakilinda kitako muda wote. Anayejua chuma cha pua atashtuka, maana chuma hicho kikitoka motoni na kuzamishwa huwa kigumu. Shaba haina tabia hiyo. Maji hulikatisha tu joto lisishuke chini. Waliofanya kazi hii kwa macho walizima taa kwanza, ili waione ile dalili hafifu ya wekundu kabla haijapita kiasi. Siku hizi wengine hupaka rangi maalumu inayoyeyuka kwenye nyuzi joto zinazotakiwa.

Shaba hii ina adui mwingine asiyetarajiwa. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda yake yamepasuka yenyewe ghalani, hayajawahi kuona bunduki, hasa nyakati za mvua. Ghala lilikuwa mazizi ya farasi. Ilipofika mwaka 1921 ndipo wanasayansi walipoeleza vizuri: amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa inaishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake tangu ilipofinyangwa kiwandani. Hadi leo mjazaji makini husoma kibandiko cha dawa ya kung'arishia kabla ya kuigusisha maganda, na akiona amonia huirudisha rafuni.

Wawindaji wa nyati kwenye mbuga za kati za Marekani, miaka ya 1870, waliyafanya haya yote kambini. Walinunua madini ya risasi kwa vipande, wakayeyusha kwenye moto wa usiku, wakamimina kwenye kalibu za mkono, na asubuhi maganda ya jana yalikuwa tayari. Zana zao zilikuwa chache na nyingi zilitengenezwa kwa bunduki moja tu. Mmoja wa waliozikusanya zikawa kitu kimoja ni John Barlow, aliyeanzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, mwaka 1884. Alichouza kilikuwa koleo. Koleo la chuma lenye mikono mirefu, na katika taya zake kila kazi imepewa pahali pake: hapa unang'oa fataki, pale unatia mpya, hapa unakaza mdomo juu ya kichwa. Aina nyingine zilibeba hata kalibu ya kumiminia mwishoni, zikawa kiwanda kizima mfukoni. Ukiwa unamimina, mikono ya chuma ilipata moto hadi vidole vikaujua. Kampuni ya Lyman iliichukua Ideal mwaka 1925, na koleo la ukoo huo liliendelea kuuzwa kwa miongo mingi baadaye.

Barlow alikuwa mfanyabiashara mwenye akili. Lakini waliozifikisha zana hizi mbali hawakuwa wakifikiria kuuza. Walikuwa walenga shabaha.

Hapa lazima nimtaje mtu ambaye wengi humjua kwa jambo lingine kabisa. Alvan Clark wa Cambridge, Massachusetts, ndiye aliyesaga baadhi ya lenzi kubwa na bora za darubini katika karne yake. Mwaka 1862 mwanawe, akiijaribu lenzi mpya ya inchi 18.5, aliiona nyota-mwenzi hafifu ya Sirius, ambayo wanaastronomia walikuwa wameikisia kwa hesabu tu. Miaka 22 kabla ya hapo, mwaka 1840, Clark baba alipata hati ya ubunifu wa kifaa cha bunduki: mdomo wa bandia.

Tatizo alilolitatua ni hili. Bunduki za wakati ule zilijazwa kwa mbele, na kichwa cha risasi kilipaswa kuingia mtutuni kikiwa kimebana. Kila mara kinaposukumwa, ukingo wa mdomo wa mtutu unasuguliwa, na ukingo huo ndio wa mwisho kuigusa risasi inapotoka. Ukipata jeraha lisiloonekana, risasi zote zinapotoka kwenda upande mmoja. Dawa ya Clark: mtutu uanze ukiwa mrefu kupita kiasi. Kipande cha mbele kikatwe, kirudishwe mahali pake kwa pini, kisha tundu na mifereji ya ndani vichongwe kupitia vipande vyote viwili kana kwamba havijawahi kutengana. Sasa kipande kile kikichomekwa kinapokea msuguano wote wa kujazia, na mifereji yake inaungana na ya mtutu bila nywele kuhisi. Kikichomolewa, ukingo halisi unabaki bikira. Sishangai kwamba mtu wa namna hii aliishia kwenye lenzi.

Na kuna nyongeza moja kwenye midomo hiyo ambayo nikiikumbuka hutabasamu. Hatari yake kubwa ni kusahau kuichomoa kabla ya kupiga. Hivyo mafundi walikipa kipande kile kibati au kijiti kinachosimama juu, mbele kabisa ya mstari wa kulengea. Kikiwa bado kimechomekwa, mpigaji akiinua bunduki haoni shabaha, anaona kijiti. Hakuna maandishi ya onyo, hakuna kumlaumu mtu kwa kusahau. Kifaa kinasimama njiani.

Aliyeufikisha mfumo huo kileleni ni Harry Pope, aliyezaliwa mwaka 1861 na kufanya kazi miaka mingi huko Hartford, Connecticut. Mitutu ya Pope ilijazwa kwa njia mbili kwa pamoja: kichwa kilisukumwa kutoka mbele kupitia mdomo wa bandia, na ganda lenye baruti likaingia kutoka nyuma. Sababu ni ya kufurahisha. Kichwa cha risasi laini kikisukumwa kwenye mifereji, ziada ya madini huvutwa kuelekea upande kilikotoka. Kikiingia kutoka nyuma, kama ilivyo kawaida, vijimkia hivyo hubaki kitakoni na kuivuruga hewa. Kikiingia kutoka mbele, kitako huwa kimesafishwa tayari kabla bunduki haijalia. Walenga shabaha wa enzi ile waliweza kukaa mashindanoni na ganda moja tu: piga, toa, weka fataki, mimina baruti, rudisha. Ganda lile likawa limefinyangwa na chumba kimoja, bunduki moja, likajuana nayo.

Pope alitengeneza karibu zana zake zote mwenyewe. Alizipoteza pia. Alihamia San Francisco, akafungua karakana, na tetemeko na moto wa Aprili 1906 vikaimaliza. Miaka yake ya baadaye aliifanyia Jersey City, katika karakana maarufu kwa vurugu yake, vitu vimelundikana mpaka mgeni hajui akanyage wapi, na mitutu ikiendelea kutoka humo mmoja mmoja, wateja wakisubiri. Alifariki mwaka 1950.

Vita Kuu ya Pili ilileta uhaba, na uhaba ulileta kizazi kingine cha zana. Shaba yote ilikwenda jeshini, vichwa vya risasi vikatoweka madukani. Wakati huohuo, kwenye viwanja vya shabaha ardhi ilikuwa imetapakaa vijiganda vidogo vya kaliba .22, vile ambavyo havijazwi tena na mtu yeyote kwa sababu fataki yake imesambazwa ndani ya ukingo wenyewe. Takataka tupu. Huko Oroville, California, mwaka 1943, Fred Huntington alikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la udobi la baba yake akitafuta namna ya kuvigeuza. Alitengeneza dai zinazounyoosha ule ukingo hadi kijiganda kikawa kikombe kirefu, kikombe kikatiwa madini ya risasi, kisha vyote viwili vikashindiliwa kwa nguvu moja hadi vikawa kichwa kamili cha kuwindia, chenye koti la shaba. Alama ya pini iliyokigonga zamani wakati mwingine ilibaki inaonekana, hafifu, karibu na kitako. Kazi hiyo ikazaa kampuni ya RCBS, na herufi hizo mbili za mwanzo zinamtaja mnyama mdogo mchimba mashimo wa milima ya magharibi ambaye wawindaji wa huko walimwandama. Vernon Speer wa Lewiston, Idaho, alianza hivyohivyo katika miaka hiyohiyo ya vita, kwa vijiganda vilevile. Kampuni zote mbili ni majina makubwa leo. Mimi bado naona duka la udobi, na mvuke wa pasi upande wa pili wa ukuta.

Mwaka 1958, katika karakana ya nyumbani kwake Wisconsin, Richard Lee alikwenda upande ulio kinyume kabisa. Wenzake walikuwa wakijenga mashine za kubana zenye mwili wa chuma na mkono mrefu wa kushushia, nzito, za kufungwa bolti kwenye meza. Yeye alitaka bei ishuke, kwa hiyo akauliza ni nguvu gani kila mwenye nyumba anayo tayari. Jibu lilikuwa nyundo. Kisanduku chake, cha kwanza kikiwa cha risasi za bunduki ya marisau, kilikuwa na mirija na vijiti vichache, na kijiko cha kupimia baruti. Kila hatua ni kugonga. Baadaye alipotengeneza vya kaliba nyingine, mamia kwa maelfu ya watu walianzia hapo, wakigonga fataki ndani kwa nyundo ya mpira au ya mbao, na mara mojamoja fataki ikalipuka kwa kishindo cha kumkausha mtu mate. Kifaa cha Lee hakina uzuri wowote wa kutazama. Nakiheshimu kwa kuwa kila kipande kinafanya kazi mbili, na hakuna cha kupunguza.

Kijiko kile kinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndicho kinachoigwa kuliko vyote. Mjazaji huchukua ganda lililochakaa, akalikata kwa tupa kidogo kidogo huku akipima, mpaka ujazo wake ulingane na kipimo anachokihitaji, kisha akalichomelea mkono wa waya wa shaba. Halafu hugundua kwamba kijiko hakimalizi kazi. Baruti ikimiminwa polepole hukaa kwa namna moja, ikichotwa kwa nguvu hushikamana na kuwa nyingi zaidi. Kipimo cha ujazo kinategemea mkono, na mkono, kama tulivyokwisha kusema, hauaminiki. Ndipo inapokuja mizani.

Uzito katika ufundi huu huhesabiwa kwa punje, na ratili moja ina punje 7,000. Mizani nzuri ya mkono hutofautisha sehemu ya kumi ya punje, yaani miligramu kama sita na nusu. Katika kiwango hicho upepo wa feni ni tufani. Mizani ya kikale huwa na kibati cha shaba kinachopita kati ya sumaku mbili bila kuzigusa. Kikiyumba, sumaku hukizuia, na mshale hutulia upesi badala ya kuyumba dakika nzima. Ili kufikia punje ya mwisho bila kuipita, watu hutengeneza kidondoshi: kikombe cha baruti, ubavuni mwake umechomekwa mrija mwembamba wenye ukucha wa skrubu kwa ndani, na ukiuzungusha kwa vidole baruti hutoka chembe moja moja na kudondokea kwenye sahani. Vya kiwandani vipo na si ghali. Hata hivyo kila karakana ina cha kujitengenezea, kwa sababu kila mtu ana maoni yake juu ya urefu wa mrija.

Katika kusafisha maganda, mkulima wa mahindi angejisikia nyumbani. Maganda hutiwa kwenye pipa dogo linalozungushwa na mota iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya kufulia, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi. Masaa kadhaa ya kuzunguka yanaondoa masizi bila kukwaruza shaba. Majirani hulalamikia kelele. Wengine siku hizi hutumia vijipini vya chuma kisichopata kutu na maji ya sabuni, na mabishano kati ya wafuasi wa magunzi na wa vijipini hayatakwisha karibuni.

Ukitaka kuona hali ya juu ya zana za kujitengenezea, tazama mashine za kupashia shingo moto. Kile kitendo cha wazee, sinia la maji na mwali, kina doa: mikono hairudii muda uleule kila mara. Kwa hiyo watu wamejenga gurudumu lenye kingo, linalookota ganda moja kutoka kwenye mtaro, likalisimamisha mbele ya moto wa gesi kwa sekunde chache zilezile, likalizungusha huku likipata joto pande zote, kisha likaliangusha kwenye chombo. Mzunguko wa polepole hutoka kwenye mota kama ile ya kuzungushia sahani ya maikrowevu. Miili ya mashine hizo imetengenezwa kwa mabati, vipande vya alumini, hata sufuria za kuokea keki. Nyingi ni mbaya kwa sura, skrubu zimetokeza, waya umefungwa kwa gundi ya plasta. Lakini itazame ikifanya kazi: ganda la kwanza na la mia mbili linasimama mbele ya mwali kwa muda uleule. Kilichokuwa hisia ya mzee mmoja katika chumba chenye giza sasa ni kasi ya gurudumu.

Husemwa kwamba watu hujaza maganda ili kuokoa pesa. Wenyewe hucheka wakisikia. Kila risasi hugharimu kidogo, ndiyo, na kwa hiyo hupiga nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka pesa ileile imekwenda, pamoja na bei ya maikromita.

Wanaojinyima usingizi kweli ni wapiga shabaha wa mezani, wanaoweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga na kujaribu kupitisha risasi tano kwenye tundu moja kwa umbali wa yadi 100 au 200. Hawa hubeba karakana uwanjani. Chini ya banda, kati ya raundi na raundi, utawaona na vijimashine vya kubania vya mkono, vidogo vya kuingia kwenye begi, na dai zisizo na nyuzi za skrubu, zinazosimama zenyewe na kusukumwa kwa kiganja. Shingo za maganda yao wamezikereza kwa nje, moja moja, ili unene ulingane pande zote kwa sehemu ya elfu kumi ya inchi. Baada ya kukaza kichwa, huliweka ganda juu ya vigurudumu viwili vidogo, wakagusisha ncha ya geji ya mshale karibu na pua, wakalizungusha kwa kidole. Mshale ukitingishika zaidi ya kiasi, kichwa kimeketi kombo, na risasi hiyo hutengwa kwa ajili ya kupasha mtutu tu. Geji hununuliwa, lakini kitako cha kuishikilia na vigurudumu kila mtu huvitengeneza anavyoona.

Siri yao kubwa haiko mezani hata hivyo. Ni kikerezeo, kile kijiti cha chuma chenye makali ya kuchongea chumba cha bunduki ambamo ganda hukaa. Wapiga shabaha wengi wana chao wenyewe. Mtutu ukichakaa, na kwa mashindano ya aina hii mitutu huchakaa upesi, humpelekea fundi bunduki mtutu mpya pamoja na kikerezeo, naye akichonga huwarudishia. Dai ya kubania huwa imechongwa kulingana na kikerezeo hichohicho. Kwa njia hiyo chumba kipya ni ndugu wa chumba cha zamani, na maganda ya zamani yanaingia bila ugomvi. Shida huja kikerezeo kikiwa butu. Kikinolewa hupungua unene kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni, na chumba kinachofuata hutoka kikiwa chembamba kwa kiasi hicho. Dai ya zamani haiyabani tena maganda vya kutosha. Kitasa cha bunduki huanza kuwa kigumu kufunguka baada ya kila mlio, na mwenyewe hurudi karakanani kukereza dai nyingine.